Kamera Bora Chini ya Mlima Meru

Kamera, iwe ya laki tatu au ya milioni ishirini, hufanya kazi ileile: hupitisha mwanga kwenye tundu la lenzi kwa muda fulani na kuuacha uangukie kitu kinachouhisi, zamani filamu, siku hizi kihisi cha kielektroniki. Kinacholipiwa katika kamera ya bei kubwa ni wingi wa mwanga ambao lenzi inaweza kuuingiza, ukubwa wa kihisi kinachoupokea, na wepesi wa mtambo kushika fokasi na kufyatua shata. Vingine vyote, kuanzia mwili wa chuma hadi skrini inayogeuka, hurahisisha kazi au kurefusha maisha ya kamera. Picha yenyewe haviigusi sana.

Arusha ni mahali pazuri pa kulipima swali la vifaa, kwa sababu kamera za kila daraja hukutana hapo. Kati ya Mnara wa Saa na malango ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, mwendo usiozidi saa moja na ushee kwa gari, yupo mpiga picha wa harusi mwenye kamera mbili shingoni, mgeni wa safari mwenye lenzi ya kilo tatu, mwenye studio ya picha za pasipoti anayetumia taa mbili na pazia la bluu, na kijana mwenye simu ya Tecno. Wote wanafanya kazi chini ya jua moja na mlima mmoja, na kila mmoja ana imani yake kuhusu vifaa.

Jambo la kwanza la kuamua ni picha itatazamwa wapi. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha yenye pikseli 6,000 kwa 4,000. Televisheni ya HD kamili huonyesha pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani milioni 2 hivi. Karatasi ya A4 ikichapishwa vizuri, nukta 300 kwa kila inchi, inahitaji pikseli milioni 8.7. Kwa hiyo hata simu ya megapikseli 12 ina zaidi ya mahitaji ya A4, na picha ikishatumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa hadi ziada hiyo yote ipotee. Isitoshe, kuzidisha megapikseli mara mbili huongeza upana wa picha kwa mara 1.4 tu. Namba hii ndiyo inayopigiwa kelele zaidi madukani, na ndiyo inayostahili kuangaliwa mwisho. Faida yake huonekana pale mpiga picha anapolazimika kukata kipande kidogo cha picha na kukikuza, kama ndege aliyekuwa mbali. Akikata nusu ya upana na nusu ya urefu, milioni 24 zinabaki 6, na bado anayo picha ya kuweka ukurasani.

Ukubwa wa kihisi ni habari nyingine. Kihisi cha kamera kubwa kina milimita 36 kwa 24, yaani eneo la milimita za mraba 864. Simu nyingi zina chini ya sehemu ya kumi ya eneo hilo. Mchana mweupe tofauti hii haionekani, kwani mwanga unatosha na kusaza, na simu za leo hupiga fremu kadhaa kwa mkupuo na kuziunganisha ili mawingu yasiungue na kivuli kisiwe giza tupu. Mtu akiweka picha mbili za Soko Kuu zilizopigwa saa nne asubuhi, moja ya simu nzuri na nyingine ya kamera ya mamilioni, na kuzichapisha kwa ukubwa wa kadi, hata mwenye macho ya kazi atababaika kuzitofautisha. Mwanga ukipungua ndipo kihisi kidogo kinapoanza kubahatisha: chengachenga zinatokea, programu ya simu inazipangusa, na ngozi ya mtu inabaki laini kama imepakwa nta.

Na mwanga wa Arusha una tabia yake. Mji uko takriban nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupanda karibu wima. Saa moja baada ya kuchomoza limeshafika nyuzi 14 au 15 juu ya upeo wa macho, kimo ambacho jua la London hufikia adhuhuri ya mwishoni mwa Desemba. Mpiga picha wa Ulaya wakati wa baridi, siku isipokuwa na mawingu, anao mwanga wa ubavuni kutwa nzima, ule unaochora mikunjo ya uso na mabonde ya mlima. Wa Arusha anao kwa muda usiofika saa moja asubuhi, na kiasi hichohicho jioni. Baada ya hapo jua linaelekea utosini, kivuli kinaingia chini ya paji la uso, macho yanageuka mashimo mawili meusi, na hakuna lenzi inayoweza kuyatoa humo. Kamera ya milioni ishirini ikipiga saa saba mchana itayaonyesha mashimo hayo kwa ukali zaidi, basi.

Mlima Meru, wenye urefu wa takriban mita 4,566, unafundisha somo hilo vizuri kuliko kitabu chochote. Mji umelala kusini mwake. Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi katikati ya Machi jua la mchana hupita upande wa kusini wa anga, likaangaza ule uso wa mlima unaotazama mjini. Miezi iliyobaki linapita kaskazini, nyuma ya mlima kwa anayetazama kutoka mitaa ya Sakina au Njiro, na miteremko hiyo huonekana bapa, ya samawati iliyofifia. Upande wa mashariki mambo ni tofauti kabisa. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu huo uliporomoka na kuacha shimo la volkeno lililo wazi kuelekea mashariki, lenye ukuta wa miamba unaofikia takriban mita 1,500. Jua la asubuhi linaingia moja kwa moja ndani ya shimo hilo. Mwenye simu aliyefika maziwa ya Momella, mashariki mwa mlima, kabla ya saa moja asubuhi, siku isiyo na mawingu, ataondoka na picha ambayo mwenye kamera ya gharama aliyefika saa tano hataipata. Juni hadi Agosti, msimu wa baridi, mawingu yanaweza kuuziba mlima hadi mchana, na anayeutaka hana la kufanya ila kusubiri. Lakini mawingu hayohayo ni neema kwa anayepiga picha za watu, maana yanatandaza mwanga laini usiokata uso vipandevipande, na hayadai senti.

Msituni hali hugeuka, na hapo ndipo wanaosema kifaa si kitu wanaposhindwa. Misitu ya hifadhi, kwenye kingo za shimo la Ngurdoto na kwenye miteremko ya Meru, ni makazi ya mbega: mwili mweusi tii, singa ndefu nyeupe zilizoning'inia kutoka mabegani, mkia mrefu unaoishia kwa manyoya meupe. Ni mmoja wa wanyama wagumu zaidi kupigwa picha Afrika Mashariki. Anakaa juu, kwenye kivuli cha majani, huku vipande vya anga nyeupe vikimulika nyuma yake. Saa mbili asubuhi chini ya miti hiyo, kamera yenye lenzi ya zumu ya kawaida, ambayo tundu lake likifunguliwa lote linaishia f/5.6, inaweza kuhitaji shata ya sehemu ya 125 ya sekunde hata baada ya ISO, yaani kiwango cha kamera kuitikia mwanga, kupandishwa hadi 3,200. Kwa mbega aliyekaa akitafuna majani, hiyo inatosha ikiwa mkono umetulia. Mbega akiruka kutoka tawi hadi tawi, kasi hiyo inaacha doa jeusi lenye mkia.

Lenzi inayofunguka hadi f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya ile ya f/5.6, kwa hiyo shata inapanda hadi sehemu ya 500 bila kugusa kitu kingine. Kihisi kikubwa kikiongezwa hapo, ISO inaweza kupandishwa tena hadi 6,400, shata ikafika sehemu ya 1,000, na manyoya ya mkia yanaonekana unyoya kwa unyoya mnyama akiwa hewani. Hesabu hizi hazina upendeleo. Kuna picha ambazo zipo kwa sababu kifaa kipo, na bila kifaa hicho mpiga picha hodari anabaki na kumbukumbu kichwani mwake tu.

Umbali nao hauna huruma. Heroe wa maziwa ya Momella husimama majini mbali na barabara, na kanuni za hifadhi, ambazo ni haki kabisa, haziruhusu gari liwafuate. Lenzi ya milimita 600 yenye tundu la f/4 inawaleta hadi jicho lao jekundu lionekane. Lenzi mpya za aina hiyo huuzwa zaidi ya dola 12,000. Simu itatoa vitone vya waridi juu ya maji, na mtu akivuta kwa vidole kwenye skrini anapata vitone vikubwa zaidi. Ila kuna mpaka ambao fedha haiuvuki. Kilimanjaro uko takriban kilomita 70 kutoka Meru, na kati ya milima hiyo kuna hewa yenye vumbi, moshi na mvuke. Lenzi ndefu inaikuza hewa hiyo pamoja na mlima. Joto la mchana likianza kupanda kutoka ardhini, picha inatetema kama inayotazamwa kupitia maji, na lenzi ya dola 12,000 inautetemesha mlima kwa ukubwa zaidi. Dawa ni alfajiri, au siku inayofuata mvua kubwa ya masika iliyoosha anga.

Kwamba kifaa kinaweza kufungua dunia isiyowahi kuonekana, historia ya eneo hilihili inathibitisha. Mjerumani Carl Georg Schillings alifika Afrika Mashariki akiwa mwindaji, na kati ya 1896 na 1904 alifanya safari kadhaa katika nyika za Kilimanjaro, umasaini na bonde la Mto Pangani. Katika safari ya 1903 hadi 1904 alikuja na kamera za bamba za kioo na mitambo ya kuwasha unga wa magnesi. Kamera ilitegwa usiku penye maji au penye chambo. Mnyama akigusa uzi, unga unalipuka kwa mwanga na picha inajipiga. Mwaka 1905 alichapisha picha hizo katika kitabu, na wasomaji wa Ulaya waliokuwa wamezoea michoro ya simba waliwaona simba wenyewe, usiku, katikati ya shughuli zao. Hakuna ustadi wa jicho ambao ungeleta picha zile bila magnesi. Ni haki pia kukumbuka kwamba vioo vile, vyenye uzito wa mawe, vilitembea nyikani juu ya vichwa na migongo ya wapagazi. Uzito wa vifaa ni sehemu ya historia ya upigaji picha ambayo husahaulika haraka.

Karne moja baadaye Mwingereza Nick Brandt alichagua njia iliyo kinyume. Picha zake za wanyama wa Afrika Mashariki zilizotoka katika kitabu cha kwanza mwaka 2005 alizipiga kwa filamu, kwa kamera ya Pentax 67, bila lenzi za kuvuta mbali. Alisogea na kusubiri. Ndiyo maana tembo na simba wake wana anga juu yao na ardhi chini yao, kama watu waliokaa kwa ajili ya picha ya familia, wakati lenzi ndefu huwakata wanyama kutoka katika nchi yao na kuwabandika juu ya rangi iliyofifia. Kitabu chake cha 2013 kina picha za ndege na popo waliokufa na kukaushwa na magadi ya Ziwa Natron, mkoani humuhumu Arusha; viumbe wasiokimbia, ambao mtu yeyote angeweza kuwasogelea kwa kamera yoyote. Hata hivyo isisemwe kwamba Brandt alidharau vifaa. Filamu ya kamera ile ina eneo zaidi ya mara nne ya kihisi cha milimita 36 kwa 24, na mng'ao wa picha zake kubwa za ukutani unatokana na hilo. Alijua anachokitaka, akabeba kinacholingana nacho.

Sehemu ya suala hili inayoumiza ni ngozi. Kwa miaka mingi kifaa bora kwa mtu wa Berlin hakikuwa bora kwa mtu wa mtaa wa Ngarenaro, Arusha, na kosa halikuwa la mpiga picha. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilisambaza kwa maabara za kusafisha picha kadi ya kulinganishia rangi yenye sura ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikazoeleka kwa jina la Shirley. Rangi ikikaa sawa kwenye uso wake, mashine imekaa sawa. Watu weusi kwenye picha zilizosafishwa kwa kipimo hicho walitoka na meno na macho, uso ukiwa umemezwa na giza, hasa waliposimama karibu na mtu mweupe. Watafiti wa historia hiyo wanaeleza kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu ziboreshwe walikuwamo watengenezaji wa samani na chokoleti, ambao mbao na bidhaa zao za kahawia hazikutofautishwa na filamu ya zamani. Mtengenezaji filamu za sinema Jean-Luc Godard, alipoalikwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alikataa kutumia filamu ya Kodak kwa sababu hiyo. Familia nyingi za Afrika Mashariki zina albamu za zama zile ambamo bibi arusi ni gauni jeupe lililosimama peke yake, na aibu ya picha hizo waliibeba wapiga picha wa mtaani.

Mabadiliko ya kifaa yaliyoonekana zaidi kwa macho ya watu wa kawaida, kuliko ongezeko lolote la megapikseli, yalikuwa kurekebishwa kwa kasoro hiyo. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, inayotengeneza Tecno, Infinix na itel, ilijipatia soko barani kwa sehemu fulani kwa sababu ilizirekebisha kamera za simu zake zisome uso mweusi ipasavyo. Google nao walitangaza marekebisho ya namna hiyo kwenye simu zao mwaka 2021. Kwa mwenye simu, tofauti inaonekana papo hapo: anajiona alivyo.

Bado tatizo halijaisha, kwa sababu kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kinachotazama. Kimefundishwa kuichukulia dunia kuwa ya kijivu cha wastani, kinachoakisi takriban asilimia 18 ya mwanga. Harusi ya Jumamosi inaonyesha matokeo yake. Ibada imekwisha, matarumbeta yanapigwa juu ya pikapu, na maharusi wamepelekwa bustanini kwa ajili ya picha; saa inasoma nane mchana. Shela na gauni jeupe vimejaza nusu ya fremu. Kipimo kinaona weupe mwingi, kinapunguza mwanga, gauni linatoka kijivu na uso wa bibi arusi unazama. Mpiga picha akisogea kumpiga bwana harusi mwenye suti nyeusi, kipimo kinafanya kinyume: suti inakuwa ya kijivu, na shati jeupe linaungua. Kamera za bei kubwa za miaka ya karibuni hutambua uso na kuupa kipaumbele, na faili ghafi zake huhifadhi undani wa kivuli unaoweza kuinuliwa baadaye kwenye kompyuta. Huo ni msaada wa kweli. Lakini msaidizi anayeshika riflekta, au hata shuka jeupe lililokunjuliwa upande wa pili wa jua, humaliza tatizo kabla halijaingia kwenye kamera, na mpiga picha anayewaongoza maharusi chini ya kivuli cha mti wenye matawi mapana, wakitazama upande ulio wazi, amefanya zaidi ya kile ambacho toleo jipya la kamera linaweza kumfanyia. Inasikitisha kuona kijana amekopa kwa ajili ya mwili wa kamera wa toleo jipya, kisha akawasimamisha maharusi juani wakikunja macho.

Jioni ukumbini mizani inarudi upande wa vifaa. Taa ni hafifu, za zambarau na kijani, zinazopepesa; watu wanaingia wakicheza; keki inakatwa mara moja na hairudiwi. Simu zinazoinuliwa mezani hapo hutoa picha zilizocheza, zenye nyuso za rangi ya ukuta. Mpiga picha wa kazi anahitaji lenzi ya tundu kubwa, fokasi inayoshika jicho gizani, na flashi anayoweza kuielekeza kwenye dari badala ya kuipiga usoni mwa watu. Ndugu wanaolipia albamu hawajui f/1.8 ni nini, na bado wanaiona tofauti wanapofungua kurasa. Hapa ndipo lenzi ndogo ya milimita 50 inapostahili sifa: ile ya Canon ya f/1.8 iliyotoka 2015 iliuzwa kwa dola 125 hivi, na huingiza mwanga karibu mara kumi ya lenzi ya zumu inayokuja na kamera dukani, zumu hiyo ikiwa imevutwa hadi mwisho na tundu kubaki f/5.6.

Thamani nyingine ya kifaa kizuri haionekani kwenye picha moja. Huonekana kwenye hesabu ya picha zilizopatikana. Mpiga picha wa habari Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia kwa sehemu Tanganyika, alianza utotoni na Box Brownie iliyotumika, kisanduku chenye lenzi sahili kisichoweza kurekebishwa takriban chochote. Mwaka 1963 alianzisha kampuni ya picha ya Camerapix jijini Dar es Salaam. Oktoba 1984 kamera yake ilileta picha za njaa kutoka Korem, Ethiopia, ambazo ziliiamsha dunia. Alipopoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991, alitengenezewa mkono wa bandia uliomwezesha kuendelea kushika kamera, na aliendelea hadi alipofariki katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara karibu na Komoro mwaka 1996. Mtu wa kazi kama hiyo halipii uzuri wa rangi. Analipia mtambo usiokwama vumbini, usiozimika mvuani, unaofyatua kila kidole kinapobonyeza, kwa sababu kilicho mbele yake hakitatokea mara ya pili.

Kwenye njia ya kupanda Meru, kipimo hubadilika tena na kuwa kilo. Wapandaji hulala kibanda cha Miriakamba, kwenye mita 2,500 hivi, kisha cha Saddle kwenye takriban mita 3,570, na usiku wa mwisho huondoka saa saba au nane kuelekea kileleni ili wafike jua linapochomoza nyuma ya Kilimanjaro. Kwenye kimo hicho kila gramu ina sauti. Kamera kubwa na lenzi mbili ni kilo tatu au nne, ambazo kwa kawaida huishia kwenye mgongo wa mpagazi au kuachwa kibandani. Baridi nayo hufyonza betri. Betri iliyosoma nusu jioni inaweza kuzima alfajiri, isipokuwa imelala ndani ya koti karibu na mwili. Simu ina faida kubwa hapo, kwa kuwa iko mfukoni. Kasoro yake ni upana wa lenzi: ikitazama Kilimanjaro kwa lenzi yake ya kawaida, mlima mrefu kuliko yote Afrika unakuwa kidole kidogo juu ya bahari ya mawingu. Kamera nyepesi yenye lenzi inayofika milimita 100 au 200 inaurudishia ukubwa wake, nayo haizidi uzito wa chupa ya maji ya lita moja. Kwa mlima huu, hicho ndicho kifaa bora, ingawa katika orodha za bei kinakaa katikati.

Mwenye fedha za kuongeza kifaa kimoja, basi, atazame kwanza kinachomkwamisha. Anayepiga maharusi na kipaimara afikirie lenzi ya tundu kubwa na flashi kabla ya kubadili mwili wa kamera. Mwili wa miaka kumi iliyopita wenye lenzi nzuri huushinda mpya wenye lenzi dhaifu katika kazi zote zisizo za kasi kubwa. Anayeongoza watalii hifadhini anahitaji urefu wa lenzi na fokasi ya haraka, na hapo mwili mpya una maana, kwani kushika jicho la ndege anayeruka ni jambo ambalo kamera za zamani hazikuliweza. Anayepiga mandhari anahitaji tripodi imara na saa ya kengele. Mwenye studio ya pasipoti, picha ikiwa ya sentimita chache, hana sababu ya kununua kamera yoyote mpya. Taa za rangi moja na printa iliyotunzwa zitamwonyesha mteja wake tofauti siku hiyohiyo.

Wengi hununua vifaa vilivyotumika, na si vibaya, mradi lenzi ikaguliwe. Inaelekezwa kwenye mwanga mkali na kutazamwa kwa ndani pande zote mbili. Nyuzinyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, inayoota zaidi kwenye lenzi zilizokaa kwenye unyevu wa pwani au kufungiwa kwenye begi msimu wote wa masika. Hufifisha picha kidogokidogo na ikishakula kioo haitoki. Vumbi la kiangazi ni adui mwepesi zaidi, ila huingia ndani ya kamera kila lenzi inapobadilishwa nje ya gari na kuacha madoa kwenye anga ya kila picha. Kamera iliyosafishwa kihisi, lenzi iliyofutwa kwa kitambaa chake na begi lenye vipakiti vya silika jeli ni nafuu kuliko kifaa kipya, na mara nyingi ile picha iliyofifia ambayo mwenye kamera alidhani inadai lenzi nyingine ilikuwa inadai kufutwa alama za vidole tu.